Tunalala na adui darini!

Wiki iliyopita niliahidi kukuletea habari za mapeasi ya Lushoto na vijana wa mjini wanaopanda hadi Irente kupiga picha ukingoni mwa mlima. Niwie radhi. Mapeasi yatasubiri. Yaliyonikuta nyumbani kwetu usiku wa kwanza tu yamenifanya nibadili mada nzima, na mhariri akitaka kunikata posho, na akate.

Tuanze mwanzo. Mwezi wa saba nilichoka na Dar, nikapanda basi asubuhi kwenda kwetu Usambara. Wenye kuijua njia ile wanajua: ukifika Mombo joto bado linakunyonya, gari linaanza kukunja kona, unapita Soni, na kabla kilomita thelathini na kitu hazijaisha umeshaanza kutafuta sweta kwenye begi. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Sisi kwetu ni juu zaidi, unapita Magamba, unaelekea Lukozi kwenye soko la kabichi na karoti. Mwezi wa saba kule baridi haina utani. Maji ya kunawa uso yanakufanya uone nyota.

Bibi alinipokea mlangoni. "Shikamoo bibi." "Marahaba mke mwenzangu. Mbona umekonda hivyo, huko Dar mnakula picha?" Tukacheka. Ndani alikuwepo dada yangu, aliyekuja kulelewa uzazi, na kichanga chake cha wiki tisa, kidume, macho kama ya babu yake. Mama alipika bada, nikala mpaka nikalegeza mkanda.

Kasheshe ikaanza nilipoingia kulala.

Nyumba yetu ni ya miti na udongo, juu bati. Juu ya vyumba kuna dari la mabanzi na fito, na juu ya dari ndiko mahindi yanakokaa, na maganda yake, tangu enzi na enzi. Mavuno yalikuwa yamepandishwa wiki mbili kabla. Nilipozima taa tu, mechi ikaanza. Panya walikimbia kutoka goli hadi goli. Vumbi likanidondokea usoni, kisha kipande cha gunzi, kisha kitu kingine ambacho sikitaji kwa sababu unaweza kuwa unasoma huku unakula. Nikajifunika gubigubi. Huko chini ya blanketi nako nikakutana na wenyeji wengine: viroboto. Wee acha tu. Nilijikuna mpaka nikasahau baridi.

Huo ndio usingizi ambao, namshukuru Mungu, sikuupata.

Kama saa kumi za alfajiri nikasikia dada anatapika chumba cha pili. Nikamwita, akanijibu kama mlevi. Nikasukuma mlango. Jiko la mkaa lilikuwa katikati ya chumba, jekundu, zuri, halina hata moshi. Dirisha lilikuwa limepigiliwa mabanzi tangu kiangazi cha mwaka juzi na nyufa zimesokomezwa matambara. Chini ya mlango kulikuwa na kitenge kilichokunjwa ili baridi isipenye. Dada alijaribu kusimama, magoti yakakataa. Mtoto alikuwa amelala mikononi mwake, nilipomgusa mkono ukaanguka kama kitambaa.

Nilipiga yowe, sikumbuki nilisema nini. Baba alimtoa dada nje kwa kumburuta, mimi nikatoka na mtoto kwenye umande. Tukakaa pale nje tunampuliza usoni, tunamwita, kama dakika tano ambazo kwangu zilikuwa mwaka. Kisha akalia. Sijawahi kufurahi mtoto kulia namna ile. Jirani anayebeba kabichi kwenda sokoni alishusha mzigo wake, tukapanda sisi. Huko kwa waganga waliwekewa oksijeni wote wawili, na jioni yake dada alikuwa anaomba chai.

Nataka niseme hili vizuri, maana nyumbani kwetu wote tulikuwa tunaamini kinyume chake. Tulidhani mkaa unaoua ni ule wenye moshi. Ukishaiva, ukawa mwekundu, basi uingize ndani ujipatie joto. Kumbe ule uliokolea ndio unaokuchukua ukiwa umetulia. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikukerezi koo. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kukaa mahali ambapo oksijeni ingekaa, na damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Ni kama abiria aliyekalia kiti chenye namba yako na hataki kuinuka. Unaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, miguu kulegea, usingizi mzito. Aliyelala hapati nafasi ya kushtuka. Mtoto mdogo, kwa vile anavuta pumzi haraka, anaumia mapema.

Na wewe uliyeko Dar usicheke baridi ya kwetu. Umeme ukikatika, mvua inanyesha, umeingiza jiko chumbani upike na mlango umefunga. Ni ishu ileile.

Sasa sikiliza. Muuguzi aliyempokea dada alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa kulekule. Alimkagua mtoto, akaona mapele madogo shingoni na miguuni. Akamtazama baba. "Mzee, hizi si baridi. Hivi ni viroboto. Mahindi mmeweka wapi?"

Baba akanyamaza. Bibi ndiye aliyejibu: "Palepale."

Muuguzi hakusema kitu. Alitikisa kichwa tu. Mimi sikuelewa, nikadhani wanazungumzia usafi. Tulipokuwa tunarudi ndipo bibi akanisimulia jambo ambalo miaka yote hii hakuna aliyewahi kunisimulia.

Nilikuwa na shangazi. Mdogo wake baba, wa mwisho kuzaliwa. Mwaka 1988 alikuwa na miaka kumi na mmoja, analala kwenye mkeka chini ya dari lile, pamoja na wenzake. Kwanza, anasema bibi, walianza kusikia harufu. Panya walikuwa wanakufa wenyewe, darini, bila mtego wala sumu, hadi wengine wakadondoka sakafuni mchana kweupe. Watoto wakawaokota kwa mikia na kuwatupa. Siku chache baadaye shangazi akashikwa na homa ya ghafla, akatetemeka, akasema kinena kinamuuma. Akaota mtoki mkubwa kama yai. Siku ya nne walimzika.

Ilikuwa tauni.

Ndiyo, tauni ileile uliyoisoma kwenye historia kwamba ilifagia Ulaya karne ya 14. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikijua ni habari za wazungu wa zamani. Kumbe mlipuko wa Lushoto ulianza mwaka 1980, na ukawa unarudi karibu kila mwaka hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zaidi ya watu 6,000 wa wilaya yetu waliugua na zaidi ya 500 wakafa, wengi wao wanawake na watoto. Bibi anakumbuka watu wa afya wakipita nyumba kwa nyumba na dawa ya unga ya kuua viroboto, na waliokaa na mgonjwa wakipewa vidonge. Anakumbuka maziko ya haraka. "Hata tanga hatukulala," alisema. "Watu waliogopa kulala chini."

Nikamuuliza, sasa mbona mahindi yamerudi darini?

"Ugonjwa uliisha, mahindi yakapanda tena. Utayaweka wapi mjukuu wangu? Nje yataibwa."

Tusiwaone wajinga wazee wetu. Dari lina akili yake. Jiko la kuni likiwa chini, moshi unapanda na kuyakausha mahindi, wadudu hawayapendi, na mwizi hawezi kuyafikia bila kukukanyaga. Shida ni kwamba chakula kikiwa juu ya kichwa chako panya naye yuko juu ya kichwa chako, na panya hatembei peke yake. Ana viroboto.

Kirobotokiroboto ndiye mwenyewe. Akimnyonya panya mwenye tauni, vimelea vinazaliana tumboni mwake hadi vinaziba njia ya chakula. Anakuwa na njaa isiyokwisha, anauma huku na kule, na kila akiuma anatapika vimelea kwenye jeraha. Panya akiwa hai, kiroboto ametulia kwenye manyoya yake. Panya akifa na mwili ukipoa, anahama kutafuta damu yenye joto. Na chini yake, kwenye mkeka, kuna watoto wamelala wamebanana. Yupo pia kiroboto anayempenda binadamu kuliko panya. Watafiti walichapisha mwaka 2007 kwamba kwenye vijiji vya Lushoto vilivyosumbuliwa sana na tauni, kiroboto huyu ndiye aliyejaa zaidi ndani ya nyumba. Sakafu ya udongo yenye vumbi na nyufa ndiyo wodi yake ya uzazi.

Hapo ndipo nilipofanya kimeo changu. Kwa hasira za msomi wa mjini nikashuka Lukozi, nikanunua sumu ya panya pakiti tatu, nikapanda darini na tochi ya simu, nikamwaga kila kona. Usiku ule mechi ilipungua. Asubuhi nikakusanya maiti saba, nikajiona shujaa, nikapiga na picha.

Bwana afya wa kata alifika mchana wake, muuguzi alikuwa amempa taarifa. Nikamwonyesha maiti zangu kwa majivuno. Akashika kiuno. "Dada, nani amekuambia uanze na panya?"

Nikabaki mdomo wazi.

Akanieleza kama anavyomweleza mtoto wa darasa la pili. Unaanza na kiroboto. Unapuliza dawa ya viroboto kwanza: sakafuni, nyufani, kwenye matundu ya panya na njia zao, uvunguni mwa vitanda. Kiroboto akishakufa ndipo unamfuata panya. Ukianza na panya umewafukuza viroboto wote kwenye nyumba yao na kuwaambia nendeni kwa kichanga. Na panya mfu hashikwi kwa mkono mtupu. Unavaa mfuko wa nailoni au glovu, unamfukia kwenye shimo refu au unamchoma, na ukiona wanakufa wengi bila mtu kuwatega unakimbilia kutoa taarifa kabla hujafanya lolote.

Bibi, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage, hakuniacha. "Mke mwenzangu kasoma mpaka kidato cha nne. Kiroboto hajasoma, lakini anajua pa kwenda."

Dawa ilipulizwa siku ileile, na dada na mtoto wakahamia kwa jirani. Wiki nzima nilikuwa nampima mtoto homa kila saa, nampapasa makwapa na kinena mpaka dada akaniona nimechanganyikiwa. Dalili hutokea ndani ya siku moja hadi saba baada ya kuumwa, kwa hiyo nilihesabu siku kama mfungwa. Ya saba ilipita. Hakuna aliyeugua.

Usinielewe vibaya, sisemi Lushoto leo ina mlipuko. Nenda kale mapeasi yako kwa amani. Lakini kule Algeria walikaa karibu miaka 50 bila tauni, mwaka 2003 ikaibuka tena karibu na Oran. Madagaska mwaka 2017 waliugua zaidi ya watu 2,000. Kimelea kinaweza kukaa kimya porini miaka mingi. Tiba ipo, antibiotiki za kawaida zinaiponya ukiwahi. Usipowahi, Shirika la Afya Duniani linasema ile ya mtoki huua watu 30 hadi 60 kati ya kila 100, na ikishuka kwenye mapafu ni mbaya zaidi, inaambukiza kwa kikohozi. Homa ya ghafla na uvimbe unaouma kinenani, kwapani au shingoni si wa kukandwa na maji ya chumvi. Ni wa kukimbizwa hospitali.

Baba ndiye aliyekuwa mgumu. Jioni nilimkuta nyuma ya nyumba anavuta sigara, jambo analofanya akiwa na mawazo. Nikamwambia baba, mahindi yatoke. Akasema nikishayatoa nalinda mimi au unalinda wewe uliyeko Dar? Nikasema nitajenga ghala. Akacheka, kwa hela gani? Nikamwambia nina hela niliyokuwa naiweka ya simu mpya.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, bila kunitazama: "Mimi ndiye niliyemwokota panya wa kwanza. Nikamrushia yeye, kwa mchezo."

Sikujua la kujibu. Nilikaa naye mpaka sigara ikaisha. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka, amevaa buti, anapima uwanja kwa hatua.

Ghala tulilijenga kwa siku nne, karibu na dirisha lake ili asikie kufuli likiguswa. Limesimama juu ya miguu sita, mita moja kutoka ardhini, maana panya anaruka, msimdharau. Kila mguu tumeuvisha bati lililokunjwa kama faneli lililogeuzwa mdomo chini, panya akipanda anagonga mwamba. Ngazi haiachwi imeegemea, na matawi ya mparachichi yaliyokuwa yanagusa paa yamekatwa. Mahindi tuliyapukuchua kwanza. Mama alitaka mifuko ile isiyopitisha hewa, nikamnunulia kumi, ni mizuri sana kwa dumuzi, ila panya anaitoboa kama karatasi, ndiyo maana ghala ni lazima hata ukiwa nayo.

Ndani tuliziba matundu kwa mawe na udongo, tukasiriba kuta. Mifuko mitatu ya saruji ilitosha chumba cha dada na cha bibi, vyumba vingine vitasubiri mavuno ya viazi. Bibi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, amekubali kulala kitandani. Anasema ni kama kulala juu ya mti. Paka tulinaye, lakini bwana afya ametuonya asilale na mtoto, kwani paka naye huweza kuupata ugonjwa kwa kula panya mgonjwa.

Dirisha ndilo lilileta ubishi. Mama alisema mkiyang'oa mabanzi hayo tutakufa kwa baridi. Tukaweka dirisha dogo la kufungua, na wavu, na kwa kuwa dari sasa ni tupu baba akaligongea mbao chini, joto likabaki chumbani. Usiku dada anaweka chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kanga, mbali kidogo na ngozi ya mtoto. Jiko la mkaa linaishia kizingitini. Jikoni kwenyewe fundi ametujengea jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi, maana moshi wa kila siku nao ni muuaji wa polepole: Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020 kwa hewa chafu ya majumbani. Serikali imezindua mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034, inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Mtungi wa gesi umefika hadi kwetu. Kuujaza tena ndiyo kizaazaa.

Mambo haya wala si mageni. Bibi anakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, wanakijiji wamekaa vikundi vikundi kuizunguka redio, wanafundishwa kuchimba vyoo, kufyeka nyasi, kusafisha nyumba. Anasema walichimba choo wiki ileile. "Mahindi hatukuyagusa, maana redio haikukaa chini ya dari letu."

Siku ya kuondoka nilifungiwa zawadi kama kawaida: viazi, karoti, matunda damu, na nusu gunia la mahindi. Nilifika chumbani kwangu Buguruni saa tatu usiku, nimechoka hoi, nikalisukumia gunia uvunguni mwa kitanda, nikazima taa.

Kama robo saa hivi nikasikia kwaru, kwaru, kwaru.

Nikawasha taa, nikalivuta gunia, nikatoka nalo hadi mlangoni kwa mama mwenye nyumba mwenye stoo ya bati. Akafungua akiwa na kanga kifuani. "We mtoto, usiku huu kulikoni?"

"Mama, nifungulie stoo kwanza," nikamwambia. "Halafu una dawa ya viroboto?"